Uzi: Viza ya utalii ya India kwa njia ya mtandao, niliyokumbana nayo kabla ya kuondoka Malindi

#1 Mpokezi_wa_Malindi (mwanzilishi wa uzi)

Assalamu alaikum, na salamu kwa wote.

Nimefanya kazi ya mapokezi katika hoteli za Malindi kwa zaidi ya miaka ishirini, na muda wote huo viza ilikuwa shughuli ya wageni, wala haikunihusu mimi. Tangu Januari 2024, Kenya ilipoondoa viza na kuweka kibali cha kielektroniki cha dola 30, nimewapokea Waitaliano wengi waliofika mezani kwangu wamenuna kwa sababu walikilipia kibali hicho mara mbili au tatu ya bei yake, katika tovuti isiyo ya serikali yetu. Nilikuwa nikiwapa pole, lakini moyoni nikijisemea kwamba mtu makini hawezi kupatwa na jambo kama hilo. Mwaka huu nilipotaka kwenda India kumwona mwanangu anayesoma Pune, nilitumbukia katika shimo lilo hilo.

Nilitafuta kwa simu, nikafungua ukurasa wa kwanza ulionijia. Ulikuwa na bendera, picha ya Taj Mahal, na maneno ya kumtuliza msafiri. Nilijaza fomu fupi, nikalipa dola 94, nikalala usingizi mzuri. Siku ya pili nikapokea baruapepe inayoniarifu kwamba wao ni wasaidizi wa maombi tu, kwamba hawana uhusiano na serikali ya India, na kwamba ada yao hairudishwi. Maneno hayo yalikuwamo pia katika ukurasa wenyewe, chini kabisa, kwa maandishi madogo ya rangi ya kijivu. Sikuyasoma, na kwa hilo simlaumu mtu.

Tovuti ya serikali ya India ni indianvisaonline.gov.in, na haina urembo wowote. Ukiiona mara ya kwanza unaweza kudhani kwamba hiyo ndiyo ya matapeli. Cha kutazama ni mwisho wa anwani, yaani .gov.in, kwa sababu yeyote anaweza kununua anwani yenye maneno ya India na viza, bali mwisho huo hauuzwi kwa mtu binafsi. Humo mna jedwali la ada lenye safu ya kila nchi. Kwa nchi nyingi, viza ya utalii ya siku 30 ni dola 25 kuanzia Julai hadi Machi na dola 10 kuanzia Aprili hadi Juni, ya mwaka mmoja ni dola 40, na ya miaka mitano ni dola 80, kisha benki huongeza kiasi kidogo juu yake. Tazameni safu ya Kenya siku yenyewe mnayolipa, kwa maana ada hubadilishwa.

Naomba waliokwisha kusafiri watueleze walipokwama, kwa kuwa mimi sasa naanza upya na sitaki kukosea mara ya pili.

#2 SaibaLangoni (Lamu)

Pole sana, kaka. Mimi nina saiba, yaani duka la intaneti, hapa Langoni, na kwa wiki sikosi kujaza fomu mbili au tatu za namna hii, nyingi zikiwa za watu wanaokwenda kwa matibabu. Nitaanza na jina, kwa sababu hapo ndipo sisi watu wa pwani tunapoharibu zaidi kuliko mahali pengine popote.

Fomu inataka jina la ukoo na majina ya kupewa. Sisi hatuna jina la ukoo kwa maana wanayoikusudia wao. Mtu ana jina lake, la baba yake na la babu yake, basi. Tuseme mtu anaitwa Athman Omar Shee. Akiulizwa jina la familia, atajibu Omar, kwa kuwa huyo ndiye baba yake. Mwengine ataandika Shee. Na mwengine atatia majina yote matatu katika kisanduku kimoja na kukiacha cha pili kitupu. Rafiki zangu, msijiulize ukoo wenu ni upi. Funueni pasipoti kwenye ukurasa wa picha, mtazame mistari miwili ya chini kabisa yenye herufi kubwa na alama za <. Mstari wa juu huanza na P, kisha herufi KEN, na neno linalofuata hapo hadi kwenye alama mbili << ndilo ambalo serikali imelihesabu kuwa jina lako la ukoo. Yaliyo baada ya alama hizo mbili ndiyo majina ya kupewa. Ikiwa pasipoti imeandika SHEE<<ATHMAN<OMAR, fomu nayo iandikwe hivyo, hata kama mtaani hakuna anayekujua kwa jina la Shee.

Pili ni tahajia. Mohamed, Mohammed na Muhammad ni mtu mmoja msikitini, lakini mbele ya kompyuta ya uhamiaji ni watu watatu. Andika kama ilivyo katika pasipoti, si kama ilivyo katika kitambulisho wala katika cheti cha shule. Vivyo hivyo na nambari ya pasipoti, ambamo watu huchanganya sifuri na herufi O. Nilimjazia mzee mmoja kwa kusoma nakala iliyofifia, nikakosea tarakimu moja, na kibali kikatoka na kosa lile. Ilitubidi tuombe upya na tulipe upya, na ada ile ya pili niliitoa mfukoni mwangu, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Tangu siku ile sijazi fomu ya mtu kwa kutumia nakala. Alete pasipoti yenyewe.

#3 BintiMkomani (Lamu)

Nashukuru kwa uzi huu. Nimo katikati ya kujaza, na nimekwama kwenye picha. Nimepiga nikiwa nimevaa buibui na mtandio mweupe, lakini tovuti inaikataa. Je, ni lazima niweke kichwa wazi? Nikilazimishwa hivyo, safari yenyewe naiacha.

#4 SaibaLangoni

La, dada yangu, usiiache safari. Kufunika kichwa kwa ajili ya dini kunaruhusiwa. Kinachotakiwa ni uso wote uonekane, kuanzia kidevu hadi juu ya paji, pasi na kivuli cha mtandio mashavuni. Niqabu haikubaliki, na miwani ivuliwe. Hata hivyo, nadhani tatizo lako halihusiani na mavazi. Mandharinyuma yanatakiwa yawe meupe au ya rangi nyepesi, nawe umevaa mtandio mweupe mbele ya ukuta mweupe, kwa hiyo kichwa chako hakitengani na ukuta. Vaa mtandio wa rangi nyengine.

Kisha tazama vipimo. Picha iwe ya mraba, urefu sawa na upana, katika muundo wa JPEG, uzito usizidi MB 1 wala usipungue KB 10. Picha za simu za siku hizi huwa ndefu tena nzito. Ukurasa wa pasipoti nao unatakiwa katika PDF isiyozidi KB 300, na hapo ndipo wengi wanaposalimu amri, kwa sababu ukiuskani kwa simu unakuja wa MB 3 au 4. Upunguze uzito, lakini usiupunguze hadi maandishi yakafifia, kwa maana ile mistari miwili niliyoitaja isiposomeka ombi hurudishwa.

#5 BintiMkomani

Nimebadilisha mtandio, nikavaa wa kijani. Imekubali mara ya kwanza.

#6 MaalimuMstaafu (Malindi)

Nimefurahishwa na ile habari ya dola 10 kuanzia Aprili hadi Juni. Miezi hiyo kwetu ni ya masika, hoteli za hapa Malindi zimefunga milango, na India nako joto limepanda na mvua zinakaribia, ndiyo maana mtalii hatakikani kwa bei kubwa. Lakini kwa wazee wetu, kuanza kwa kusi ndiko kulikokuwa msimu wa kuelekea huko. Vasco da Gama aliondoka hapa Malindi mwishoni mwa Aprili 1498, akiongozwa na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi, naye akafika pwani ya Calicut baada ya wiki nne hivi bila ya kujaza kisanduku hata kimoja. Samahani kwa kuchepuka kidogo.

Nina swali zito zaidi. Fomu inauliza kama wazazi au mababu wa mwombaji, wa kuumeni na wa kukeni, walikuwa raia wa Pakistani. Babu yangu mzaa mama alikuwa Mbulushi, na kwa tulivyosimuliwa, wazee wake walitoka Makran, pwani ambayo leo sehemu yake imo Pakistani, wakapita Maskati, wakaja Mombasa wakati ambapo hakukuwa na nchi iitwayo Pakistani, maana nchi hiyo ilizaliwa 1947. Kijana wangu ameniambia niandike hapana niendelee. Mimi nasitasita.

#7 Mpokezi_wa_Malindi

Maalimu, shikamoo. Kusitasita kwako kuna sababu. Tovuti yenyewe inasema kwamba mwenye pasipoti ya Pakistani au mwenye asili ya Pakistani haombi kwa mtandao, bali anaomba viza ya kawaida kwenye ofisi za ubalozi. Swali la babu aliyeondoka Makran kabla ya nchi hiyo kuwapo si la kuamuliwa na mimi wala na kijana wako. Mombasa kuna ofisi ya Balozi Msaidizi wa India. Waandikie au fika mwenyewe, uwaeleze nasaba kama ulivyotueleza sisi, kisha ufuate watakavyokujibu. Nauli ya kwenda Mombasa na kurudi ni ndogo kuliko hasara ya kurudishwa uwanjani, na tamko lisilo sahihi katika fomu ya viza huweza kumfuata mtu katika kila ombi la baadaye.

#8 MaalimuMstaafu

Nimekuelewa. Nitakwenda Jumatatu.

#9 MshonaKofia (Lamu)

Mimi nina maoni tofauti kidogo. Wote mnasema mtu ajaze mwenyewe, lakini mimi nilijaza mwenyewe, na malipo yakakataliwa mara mbili. Kwa hofu ya kufungiwa nikampa wakala wa Mombasa shilingi elfu nne juu ya ada, naye akamaliza kwa dakika kumi. Sioni kwamba kila wakala ni mwizi. Mvuvi hakati mbao za dau lake mwenyewe.

#10 Mpokezi_wa_Malindi

Wala sikusema kila wakala ni mwizi, ndugu yangu. Wakala anayekwambia wazi kwamba ada ya serikali ni kiasi hiki na ujira wake ni kiasi hiki anafanya kazi ya halali, kama SaibaLangoni anavyofanya. Ninaowalalamikia ni wale wanaojivika sura ya serikali ili usijue kwamba unazungumza na wakala. Nakuomba tu uhakikishe kwamba wakala ametia anwani yako ya baruapepe katika fomu na si yake, kwa sababu kibali hutumwa kwenye anwani hiyo, na nambari ya ombi iwe mikononi mwako. Kwa nambari hiyo na nambari ya pasipoti unaweza kuitazama hali ya ombi wakati wowote, bila kumpigia mtu simu.

#11 SaibaLangoni

Kuhusu malipo kukataliwa: mara nyingi kadi haina tatizo la pesa, bali benki imeifunga kwa manunuzi ya mtandao ya nje ya nchi. Ipigie benki kabla ya kujaza. Nafasi za kujaribu kulipa ni tatu tu kwa kila nambari ya ombi, na zikiisha unaanza fomu upya. Tena ukilipa na ukurasa ukaganda, jambo ambalo hapa kisiwani ni la kawaida umeme ukikatika au mtandao ukilegea, usikimbilie kulipa tena. Subiri kwa muda wa saa nne, kwa sababu taarifa ya malipo huchelewa kufika. Nimewaona watu waliolipa mara mbili kwa ajili ya haraka ya nusu saa, na ada hairudishwi hata ombi likikataliwa.

Na ukishahifadhi ukurasa wa kwanza, nakili ile nambari ya muda inayotokea juu ya ukurasa. Mtandao ukikatika ukiwa umefika kwenye majina ya wazazi na mahali walipozaliwa, nambari hiyo ndiyo itakayokurudisha ulipoishia.

#12 MshonaKofia

Ahsante. Safari hii nilitaka kwenda Mumbai kununua vitambaa na nyuzi za kofia za vito. Niombe ya utalii tu?

#13 SaibaLangoni

Ukienda kununua bidhaa za biashara, omba ya biashara, ambayo nayo ipo katika tovuti hiyo hiyo. Ya utalii ni ya matembezi na ya kuwaona jamaa na marafiki. Wanaokwenda kwa matibabu nao wana yao: mgonjwa huomba ya matibabu, na wasindikizaji wake, wasiozidi wawili, huomba ya kusindikiza mgonjwa. Hiyo hukaa siku 60 na huruhusu kuingia mara tatu, na inahitaji barua ya hospitali ya India yenye nembo yake. Nimewaona wanaompeleka mama hospitali kwa viza ya utalii kwa kuwa haidai barua. Halafu matibabu yanarefuka, siku zinaisha mgonjwa yumo kitandani, na mtoto anaanza kuzunguka katika ofisi za uhamiaji za nchi asiyoijua badala ya kukaa na mzazi wake.

#14 BintiMkomani

Kibali changu kimefika baada ya siku tatu, alhamdulillahi, lakini nimeshtuka. Niliomba cha siku 30. Tarehe ya mwisho iliyoandikwa humo inaangukia siku nitakayokuwa bado niko kule, siku tisa kabla ya tikiti yangu ya kurudi. Nibadilishe tikiti?

#15 Mpokezi_wa_Malindi

Usiguse tikiti. Hili liliniumiza kichwa mimi pia, hadi nilipoyasoma maelezo ya tovuti mara ya pili. Kwa viza ya siku 30, tarehe ya mwisho iliyoandikwa katika kibali ni ya mwisho wa kuingia India. Siku 30 zenyewe zinaanza kuhesabiwa siku unayofika. Kwa viza ya mwaka mmoja na ya miaka mitano hesabu ni nyengine kabisa, kwani huanza siku kibali kinapotolewa, hata kama ungali umeketi barazani kwako. Tena ombi la siku 30 halipokelewi mapema: ni kuanzia siku 30 kabla ya kufika, na lisichelewe kupita siku nne kabla. Ya mwaka inaweza kuombwa hadi siku 120 kabla.

Mimi nimechagua ya mwaka mmoja, kwa kuwa mwanangu atahitimu mwakani na nataka nirudi kwa mahafali. Dola 40 kwa safari mbili si vibaya, ingawa nikizijumlisha na zile 94 za mwanzo naona afadhali ninyamaze.

#16 MaalimuMstaafu

Nimerudi kutoka Mombasa. Wamenipokea kwa adabu, wamenitaka niombe viza ya kawaida pamoja na maelezo ya nasaba, na wamenipa orodha ya karatasi. Itachukua muda zaidi, lakini nitalala kwa amani. Mle ofisini nilimkuta mama mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga asiye na pasipoti, akidhani kwamba mtoto anasafiri ndani ya viza ya mama. Kumbe kila mtoto huwa na pasipoti yake na viza yake, hata akiwa wa miezi miwili. Naliandika hapa huenda likamfaa mtu.

#17 SaibaLangoni

Tena Maalimu umenikumbusha. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi sita tangu siku ya kufika, na kurasa mbili tupu za kupigiwa mihuri. Na kuna cheti cha homa ya manjano, ambacho hakimo katika fomu lakini uwanjani kinaulizwa, kwa sababu Kenya imo katika nchi ambazo India huwatarajia wasafiri wake wawe wamechanjwa. Chanjo hiyo huanza kuhesabiwa kuwa halali baada ya siku kumi, kwa hiyo anayechanjwa siku moja kabla ya safari amejisumbua bure, na anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Aliyechanjwa zamani asichanjwe tena: tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha, hata kama kimeandikwa miaka kumi.

#18 BintiMkomani

Cheti ninacho, cha 2013, nilichokwenda nacho Umra. Nilikuwa nataka kukitupa.

Swali langu la mwisho: kibali nimekihifadhi katika simu. Yatosha?

#19 Mpokezi_wa_Malindi

Kichapishe, nakala mbili, moja katika mkoba na moja katika sanduku. Nairobi, mhudumu wa shirika la ndege ataitaka karatasi kabla hajakupa kiti, na Mumbai afisa ataitaka tena kabla ya kukuchukua alama za vidole na picha, kwa sababu viza yenyewe hupigwa muhuri pale. Hicho ulicho nacho ni idhini tu ya kufika mbele yake. Na simu, baada ya safari ya kutoka Lamu, ni jambo la kwanza kuzima. Isitoshe, ni lazima ushuke kwenye uwanja uliomo katika orodha ya viwanja vinavyopokea viza za mtandao. Mumbai, Delhi na Kochi vimo, lakini si kila uwanja wa India umo.

#20 BintiMkomani

Basi kesho asubuhi nitapita kwa SaibaLangoni nichapishe, maana mchana navuka hadi Mokowe, ng'ambo bara, kupanda basi.

#21 SaibaLangoni

Njoo kabla ya saa tatu, dada. Jana umeme ulikatika saa nne ukarudi magharibi. Uje na pasipoti, tusome jina na nambari pamoja, herufi kwa herufi, kabla hujaingia chomboni.